Kitafunwa cha Saa Nne Nacho Ni Mlo

Mtu akishaambiwa kliniki kwamba ana kisukari aina ya pili, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni kopo la sukari. Chai inanywewa bila sukari, soda inapigwa marufuku, wajukuu wanaonywa wasimpe bibi peremende. Miezi mitatu inapita, anarudi kupima, na sukari iko palepale au imepanda zaidi. Nyumba nzima inabaki na swali moja: mbona sukari yenyewe hagusi?

Mara nyingi jibu liko kwenye sahani iliyo pembeni ya kikombe.

Tuichukue chai ya saa nne kama inavyonywewa maofisini, sokoni na kwenye vyumba vya walimu. Mama wa vitafunwa anaingia na ndoo yake ya plastiki, anafunua kitambaa, harufu ya iliki inajaa chumba. Maandazi matatu yanawekwa juu ya kipande cha karatasi na mafuta yanaanza kuchora duara. Pembeni kuna kikombe cha chai ya maziwa isiyo na sukari, kwa kuwa kila mtu pale anajua mwenzao ana kisukari. Sasa tuhesabu. Andazi la wastani, lenye uzito wa gramu 50 hivi, lina wanga unaokaribia gramu 25. Matatu ni gramu 75. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40. Maana yake ni kwamba mtu ambaye tusingethubutu kumnunulia chupa mbili za soda, tumemkaribisha kwa moyo mweupe maandazi yenye wanga kiasi kilekile. Na saa saba anasubiriwa na wali.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo, hata kama atasoma hadi hapa tu: mwili haujui tofauti ya mlo na kitafunwa. Sisi ndio tumezoea kuhesabu ugali na wali kuwa chakula, na vingine vyote kuwa vya kusindikizia chai. Wagonjwa wengi ukiwauliza jana walikula nini watakutajia mlo wa mchana na wa usiku kwa uaminifu kabisa, wakaziruka kachori mbili za saa kumi kwa sababu hawakuziona kuwa ni kula.

Wanga, uwe wa unga wa ngano, wa muhogo, wa embe au wa kijiko cha sukari, kwa sehemu kubwa huishia kuwa glukosi ndani ya damu. Kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo iingie kwenye misuli na viungo vingine. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, mwili umekuwa mzito kuitikia insulini, na kongosho lenyewe, baada ya miaka ya kufanya kazi kupita kiasi, halitoi ya kutosha. Glukosi iliyoingia inachelewa kuondoka. Ukila saa moja asubuhi, ukaongeza maandazi saa nne kabla sukari haijatulia, ukala tena saa saba, damu yako inaweza kukaa mchana kutwa bila kupata nafasi ya kushuka. Ndiyo sababu kile kipimo cha damu cha miezi mitatu, ambacho kliniki hukiita HbA1c, kinaweza kutoka kibaya hata kwa mtu ambaye akipima asubuhi kabla ya kula anapata namba nzuri.

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni sukari kuwa kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita kabla ya kula, na isifike 10 saa mbili tangu kuanza kula. Kama mashine yako inasoma miligramu, hiyo ni 80 hadi 130 kabla, na chini ya 180 baada. Wazee sana, wajawazito na wenye magonjwa mengine hupangiwa malengo tofauti, kwa hiyo namba yako mwenyewe uipate kwa daktari wako.

Kabla ya kuuliza ule kitafunwa gani, kuna swali linalotangulia: je, unakihitaji? Hapa wengi wamepotezwa na ushauri wa zamani wa kula kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu walichobaki nacho ni yale "mara nyingi" peke yake. Ushauri ule ulikuwa na msingi wake. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini kama glibenklamidi na gliklazidi, anaweza kushukiwa na sukari akikaa muda mrefu bila kula, na kitafunwa humlinda. Lakini mtu anayetumia metformini peke yake, na hawa ni wengi, kwa kawaida hana hatari hiyo. Halazimiki kula saa nne kwa sababu tu saa nne imefika.

Mwaka 2014 watafiti wa Prague, Jamhuri ya Cheki, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 54 wenye kisukari aina ya pili. Watu hao walipokula milo miwili mikubwa, asubuhi na mchana, walipungua uzito zaidi, na sukari yao ya kabla ya kula ikashuka zaidi, kuliko walipogawa chakula chenye nishati ileile katika milo sita midogo. Simwambii mtu yeyote aanze kula mara mbili kwa siku kesho asubuhi, na mwenye insulini asiruke mlo bila kuzungumza na daktari. Ninachosema ni kwamba kukaa saa nne au tano bila kutafuna kitu si kosa kwa wengi wenu, na mara nyingi ni nafuu. Kamata makaratasi yako ya dawa, soma majina, umuulize daktari au mfamasia swali hili moja: je, dawa hizi zinaweza kunishusha sukari nisipokula? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama kitafunwa kwako ni lazima au ni hiari.

Ukishajua hilo, jifunze kipimo. Wataalamu wa lishe hupenda kugawa wanga katika mafungu ya gramu 15, na fungu moja kama hilo linatosha kabisa kwa kitafunwa. Mlo mzima kwa wengi hupangiwa mafungu matatu hadi manne, yaani gramu 45 hadi 60, kutegemea mwili, kazi anayofanya mtu na dawa zake. Gramu 15 ni kipande kimoja cha mkate wa kukata. Ni chungwa moja la wastani, au ndizi kisukari moja ndogo, au kitumbua kimoja kisicho kikubwa. Ni bisi vikombe vitatu zilizopasuliwa kwa mafuta kidogo bila sukari. Ni glasi ya maziwa na kidogo juu yake. Andazi zima, kama tulivyoona, limeshapita. Chapati moja ya mgahawani, ile nene inayofunika sahani, ina gramu 40 hadi 50, kwa hiyo imemaliza mlo kabla supu haijafika. Muhogo ni mzito kuliko watu wanavyodhani: kila gramu 100 zina wanga zaidi ya 30, uwe wa kuchemsha au wa kukaanga, na kipande kinachojaa kiganja kinaweza kuzidi mafungu mawili. Hindi moja la kuchoma lililokomaa linaweza kufika gramu 30, kwa hiyo vunja nusu umpe mwenzako.

Namba hizi ni za kukadiria, kwa sababu andazi la Kariakoo si andazi la Moshi. Anayetaka undani zaidi kuhusu vyakula vyetu amwombe mtaalamu wa lishe wa kliniki yake amwonyeshe majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo kuna ugali, makande na ndizi za kupika, vitu ambavyo vijitabu vinavyoletwa kutoka Ulaya havivitaji.

Sasa kuna imani moja ambayo lazima niizungumze kwa kirefu, kwa maana nimeiona ikiwaumiza watu wenye nia njema kabisa. Ni imani kwamba dona, mtama na ulezi ni vyakula vya wagonjwa wa kisukari, na kwa hiyo vinaliwa bila kipimo. Unga wa sembe, wa dona, wa mtama na wa ulezi yote inakaribiana kwa wanga: gramu 100 za unga mkavu hubeba gramu 70 hadi 77. Tofauti iko kwenye nyuzinyuzi na viinilishe vingine, na tofauti hiyo ni ya maana. Dona hushibisha zaidi, hupandisha sukari polepole zaidi, na mimi ningependa kila nyumba irudi kwenye dona. Lakini haifuti hesabu. Chukua kilo moja ya unga, uipike, uigawe sawasawa kwa watu sita. Kila mmoja amekula wanga gramu 125 hivi, iwe sembe au dona. Mwenye kisukari aliyepangiwa gramu 45 kwa mlo anatakiwa sehemu ya ugali wake itokane na unga gramu 60, karibu nusu kikombe, na sahani ijazwe mchicha, matembele, maharage na samaki. Pima unga mkavu siku moja kwa mzani wa dukani, upike peke yake, uangalie bonge linalotoka lina ukubwa gani. Jicho likishalijua halisahau.

Uji nao ni wa kuangalia. Uji wa lishe hupewa wagonjwa kwa mapenzi makubwa, umechanganywa ulezi, mchele, soya na karanga, kisha ukatiwa sukari vijiko vitatu kwa sababu bila hivyo haunyweki. Unga umesagwa laini sana, umechemshwa, unanyweka haraka, na tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Sukari hupanda mbio. Kama unaupenda, kunywa nusu kikombe, utie karanga za kusaga na maziwa mtindi badala ya sukari, na ule yai pamoja nao.

Asali na sukari guru sitazisemea sana. Kijiko kikubwa cha asali kina wanga gramu 17, kwa hiyo anayetia asali kwenye chai amebadilisha ladha tu.

Turudi kwenye sinia la vitafunwa, maana si lazima libaki tupu. Ukipanga upya utaona kwamba mitaani kwetu kuna vitu vizuri kuliko vilivyomo kwenye maboksi ya dukani. Kijana anayepita na trei ya mayai ya kuchemsha na kikopo cha kachumbari amebeba moja ya vitafunwa bora kabisa kwa mwenye kisukari: yai halina hata gramu moja ya wanga, na linashibisha. Matango na karoti zilizomenywa zinazouzwa kwenye toroli, ukimwomba muuzaji asizidishe chumvi, unaweza kuzila bila kuhesabu. Karanga, ujazo wa kiganja kimoja, gramu 30 hivi, zina wanga gramu 5 tu. Korosho zina kama 9 kwa ujazo huohuo. Nusu parachichi lina gramu 8 au 9, na nyingi kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Dagaa wa kukaanga, mishkaki miwili, kikombe cha mtindi usiotiwa sukari, supu ya pweza kwa walio pwani, senene kwa watu wa Kagera msimu wake ukifika: vyote hivi ni vitafunwa na havimtishi mwenye kisukari, isipokuwa chumvi, ambayo mwenye shinikizo la damu lazima aiangalie.

Kuhusu karanga na korosho nina onyo moja. Hazipandishi sukari, lakini mafuta yake ni mengi na gramu 30 zina kalori zaidi ya 160. Mtu akikaa mbele ya televisheni na mfuko wa robo kilo, uzito utaongezeka, na uzito ukiongezeka mwili unazidi kuwa mgumu kwa insulini. Mimina kiganja kimoja kwenye kisahani, funga mfuko, uurudishe kabatini.

Na vile vya wanga tunavyovipenda? Havijafa. Vinahitaji kupunguzwa na kupewa mwenzi. Wanga ukiingia tumboni pamoja na protini, mafuta au nyuzinyuzi, husagwa na kuingia kwenye damu polepole zaidi. Hata mpangilio wa kula una nguvu: mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell huko New York waliwapa watu wenye kisukari aina ya pili chakula kilekile kwa mpangilio tofauti, na waliotangulia mboga na nyama, wakamalizia mkate, sukari yao ilipanda kidogo sana ukilinganisha na walipotangulia mkate. Watu wa Mombasa wana mfano mzuri mezani tayari, mahamri na mbaazi za nazi. Tatizo ni uwiano. Mahamri manne na mbaazi vijiko viwili ni balaa. Mahamri moja na bakuli dogo la mbaazi, ukaanza na mbaazi, ni kifungua kinywa cha kueleweka, kwa sababu mbaazi, kunde, choroko na maharage ni wanga unaokwenda taratibu kuliko unga wowote. Hata hapo mahamri na mbaazi vyote vinahesabiwa. Vivyo hivyo bagia za kunde tatu ndogo ni afadhali kuliko andazi, ingawa mafuta ya kukaangia yanabaki kuwa mafuta. Kashata na halua nisingependa kumnyima mtu wa pwani pamoja na kahawa yake chungu, lakini kipande kiwe cha ukubwa wa kidole gumba na kiwe cha siku maalumu, kwa maana humo hakuna kinachopunguza mwendo wa sukari.

Tunda lenyewe si adui. Kinachoponza ni wingi na juisi. Embe dodo moja kubwa linaweza kuwa na wanga unaozidi gramu 45, yaani mlo mzima, na msimu wake ukifika, Novemba hadi Januari, watu hula matatu wakiwa wamesimama. Kula robo yake au theluthi, polepole, pamoja na karanga chache. Tikiti maji lina gramu 7 au 8 tu kwa kila gramu 100, kwa hiyo kipande cha kawaida kinakubalika. Papai lina kama 11. Lakini glasi ya juisi ya machungwa imekamuliwa kutoka machungwa matatu, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na gramu 25 na zaidi zinashuka kooni kwa sekunde kumi. Juisi ya miwa ni sukari na maji, hata ikitiwa ndimu na tangawizi. Dafu ni pole zaidi, ila dafu kubwa linaweza kufikisha fungu zima la gramu 15, kwa hiyo lihesabu kama kitafunwa, usilinywe kama maji.

Pamoja na namba zote hizi, mwalimu mkuu ni mashine yako ya kupima. Watu wawili wenye kisukari wakila kiazi kitamu kilekile wanaweza kupata majibu tofauti, na hakuna jedwali litakalokuambia mwili wako unafanya nini. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua, na wengi huvihifadhi kwa ajili ya kipimo cha asubuhi peke yake. Kipimo cha asubuhi hakikufundishi lolote kuhusu vitafunwa. Kama una vijiti vichache, tumia viwili kwa wiki hivi: chagua chakula kimoja unachokila mara kwa mara, pima kabla, kula kiasi chako cha kawaida, pima tena saa mbili tangu ulipoanza kula. Andika kwenye daftari la shule, tarehe, chakula, kiasi, namba mbili. Baba yangu mdogo, fundi seremala ambaye hakutaka kusikia habari ya kuacha mihogo, alipima hivyo kwa vipande vyake vya kawaida akaona imepanda kutoka 7 hadi zaidi ya 13. Wiki iliyofuata akala kipande kimoja, samaki wa kukaanga na kachumbari tele, ikaishia chini ya 10. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kumfikisha hapo. Mihogo anakula hadi leo, kipande kimoja.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kujichoma. Mtu aliyetoka kumenya embe au chungwa, akapima bila kunawa, anaweza kupata namba ya kutisha inayotokana na sukari iliyoganda kidoleni, akaongeza dawa bila sababu.

Kama sukari imepanda kidogo baada ya kula, simama utembee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa wenye kisukari aina ya pili, kutembea dakika 10 baada ya kila mlo hushusha sukari ya baada ya kula kuliko kutembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote wa siku. Dakika kumi ni kwenda kuchukua vocha duka la mtaa wa pili na kurudi.

Kuna wakati mmoja ambapo kila nililolisema linageuka. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, na hasa kama unatumia insulini au vile vidonge nilivyovitaja, pima haraka. Ikiwa chini ya milimoli 4, au miligramu 70, unahitaji sukari sasa hivi. Kula au koroga kwenye maji vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula kitu kidogo cha kuishikilia ikiwa mlo uko mbali. Usitumie andazi wala chokoleti kwa kazi hiyo ya kwanza, maana mafuta huchelewesha sukari kufika. Kama huna mashine karibu, kula sukari kwanza. Mtu aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Weka pakiti ndogo za sukari au glukosi ya unga kwenye pochi, kwenye bajaji, kwenye droo ya ofisini, na waambie wanaokaa karibu nawe ziko wapi.

Mwezi wa Ramadhani unastahili makala yake, lakini siwezi kuuacha kabisa. Anayetaka kufunga akaonane na daktari wiki kadhaa kabla, ili dawa na saa zake zipangwe upya, na wapo ambao daktari atawaambia wasifunge. Ukiwa umefunga, sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6, fungua siku hiyo. Kupima kwa kujichoma kidole hakufunguzi, hivyo wanazuoni wengi wamesema. Hatari kubwa iko kwenye futari yenyewe, kwa sababu meza yetu ya futari ni wanga mtupu: tende, uji, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mzuzu, kaimati, tambi za sukari. Fungua kwa maji na tende moja, au mbili zikiwa ndogo. Halafu chagua kimoja tu kati ya mihogo, magimbi, viazi na ndizi, ujaze sahani kwa samaki, kunde na mboga. Kaimati tatu utazionja sikukuu. Daku usiliache, na liwe na maharage au mayai, si chai na mkate peke yake.

Bado kuna jambo gumu kuliko yote haya, nalo ni watu. Kwetu mgeni hakatai kilichoandaliwa, na mwenyeji asiyeletea mgeni kitu hujiona amekosa heshima. Msibani, harusini, kwa mashemeji, sahani inakuja imejaa. Ninawashauri wagonjwa wasijifiche. Piga simu kabla, useme, "Shemeji, nakuja, ila mimi unipikie mboga nyingi na wali kidogo, sukari inanisumbua." Watu huwa na furaha kuambiwa namna ya kukuhudumia. Ukikuta sahani imeshapakuliwa, omba sahani ya pili na umgawie mtoto nusu kabla hujaanza kula, maana ukishaanza ni vigumu kuacha. Siku ya kliniki nenda na anayepika nyumbani, akasikie mwenyewe kuhusu kipimo cha unga na mafuta, kuliko wewe kurudi na amri ambazo yeye ndiye atakayezitekeleza.

Na kama wewe ndiye mwenyeji, kwenye kikao, kwenye darasa la Jumapili, kwenye mkutano wa vikoba, weka trei ya mayai ya kuchemsha, bakuli la karanga, matango yaliyokatwa na chupa ya chai isiyotiwa sukari, kopo la sukari likae pembeni. Usiulize nani anaumwa nini. Wapo ambao hawajawahi kupima, na wasioumwa nao watakula.